Shajara ya mradi: Kupima nyasi bahari Marumbi, Ghuba ya Chwaka, katika muhula mmoja wa Januari

Shajara hii inawekwa na wasimamizi wa pande mbili: chuo kidogo cha sanaa huria cha Marekani chenye muhula mfupi wa Januari, na wenzao wa Zanzibar wanaobaki na eneo mwaka mzima. Kazi ni kupima nyasi bahari kwenye maji mafupi ya Marumbi, Unguja, wanafunzi wakienda wawiliwawili, mmoja wa kila upande. Chuo cha namna hii hakina meli wala fundi wa maabara wa kudumu, na kozi moja humkalisha mwanafunzi wa kemia pamoja na wa historia. Ndiyo maana tulichagua mbinu ya kwenda kwa miguu maji yakikupwa, kwa vifaa vinavyopatikana dukani kwa vifaa vya ujenzi. Msingi wake ni utaratibu wa Seagrass-Watch, mpango wa kimataifa wa kufuatilia nyasi bahari: mistari mitatu ya mita 50 iliyoachana mita 25, na fremu ya sm 50 kwa 50 kila mita 5. Hiyo ni fremu 11 kwa mstari, 33 kwa eneo. Hatua hizo zimeshaandikwa vizuri kwingine, kwa hiyo humu nafasi kubwa tumeipa mikwamo.

Oktoba 2024: karatasi na kalenda

Anzeni na kibali mapema kuliko mnavyodhani. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, na kibali cha Bara cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) hakitoshi. Kikishatoka, barua inakwenda wilayani, kisha kwa sheha (kiongozi wa serikali wa eneo dogo), kisha kamati ya wavuvi. Ukiruka hatua moja, siku ya kazi utasimamishwa ufukweni na watu wenye haki ya kukusimamisha. Januari 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi, hivyo msipange kuchukua barua wiki hiyo.

Upande wa Marekani, bodi ya maadili ya chuo ilitaka mahojiano na kina mama wanaookota kombe yawe na fomu yenye saini. Kijijini, mgeni anayeomba saini kabla ya kuuliza swali anatia watu shaka, na ana sababu ya kutiliwa. Kanuni za Marekani zinaruhusu kuacha saini pale ambapo hatari ni ndogo. Tuliomba ridhaa ya mdomo, tukaambatisha maneno yenyewe kwa Kiswahili jinsi yatakavyosomwa, na ombi likapita. Peleka ombi hilo tangu mwanzo, usingoje kurudishiwa.

Kalenda ndiyo iliyotuumiza kichwa. Maji hukupwa sana siku za bamvua tu, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Unguja kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kati ya saa nne na saa sita. Muhula wa Januari una mabamvua mawili, basi. Kwa Januari 2025 mwezi ulipevuka usiku wa kuamkia tarehe 14 na kuandama tarehe 29, hivyo ratiba nzima ya kozi, hadi tiketi za ndege, ilipangwa kufuata tarehe hizo. Rasimu ya kwanza ya chuo ilikuwa imeweka juma la uwandani tarehe 20 hadi 24, maji mafu matupu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana. Wanafunzi wangefika Marumbi na kuyatazama maji yakiwa kiunoni.

Desemba 2024: fremu, vibao na utepe

Fremu ni bomba la plastiki la nusu inchi na elbo nne. Za kwanza zilikatwa vipande vya sm 50 na kugundishwa, kumbe elbo nazo zina urefu wake. Kwa ndani zilitoka karibu sm 53, eneo la sm² 2,809 badala ya 2,500, zaidi kwa asilimia 12. Kwa kukadiria asilimia ya ufunikaji dosari hiyo haionekani, lakini ukihesabu mashina na kuzidisha kwa nne kupata idadi ya mita moja ya mraba, hesabu yote inavimba. Kata sm 47, unganisha bila gundi, pima ndani kwa ndani, punguza, ndipo ugundishe. Kisha toboa matundu ya milimita 5 kila upande ili maji yaingie. Fremu iliyobana hewa inaelea kwenye vidimbwi. Kamba ya nailoni kila sm 10 inagawa fremu kuwa vyumba 25, kila kimoja asilimia 4. Vyumba hivyo vitakuokoa baadaye, kwa hiyo usivione urembo. Fremu moja, kazi ikiwemo, haikuzidi Sh 8,000.

Karatasi isiyolowa ni ghali na huagizwa nje. Tulijaribu karatasi ya kawaida iliyopigwa laminesheni, penseli ikakataa kushika. Kilichofaa ni mabaki ya bodi za plastiki za dari, zile nyeupe, zilizosuguliwa kwa msasa laini hadi ule mng'aro ukaondoka. Penseli inashika hata kibao kikiwa ndani ya maji, na jioni unafuta kwa msasa uleule. Sharti ni moja: piga picha ya kila kibao kabla ya kufuta, na picha iwe na tarehe na namba ya mstari ndani yake.

Vigingi ni nondo ya milimita 12, urefu wa sm 60, kichwa kimepindwa kama ndoano. Wazo la kuviacha baharini kama alama ya kudumu lilikufa tulipozungumza na kamati ya wavuvi. Watu wanatembea hapo peku, na chuma kilichojificha ndani ya majani ni jeraha linalosubiri mguu. Badala yake tunachukua GPS ya simu, ambayo inakosea mita kadhaa, na kuisahihisha kwa njia ya wavuvi: mnazi fulani upangane na pembe ya paa fulani, na upande wa pili alama nyingine mbili. Penye makutano ya mistari hiyo ndipo mita sifuri. Alama zote zimepigwa picha, maana minazi nayo hukatwa.

Januari 8 hadi 10, 2025: mafunzo nchi kavu

Majani yaliyookotwa ufukweni yanatosha kufundishia utambuzi. Orodha ya kuangalia ni fupi: Syringodium jani lake ni la mviringo kama tambi, Halophila ovalis ana vijani vya yai viwiliviwili, Enhalus ni jani refu kuliko yote, na kwenye shina ana nywele nyeusi ngumu, Halodule uninervis ncha yake ina meno matatu, Thalassodendron ana kijiti kigumu chenye kishada cha majani juu. Ugumu uko kwa watatu wanaofanana. Thalassia hemprichii jani limepinda kama mundu na lina vistari vifupi vyeusi, na mzizi wake mlalo ni mnene wenye makovu ya pembetatu. Cymodocea rotundata ncha yake ni laini na makovu ya shinani yamezunguka yakakutana. Cymodocea serrulata ncha ina meno ya msumeno na ala yake imetanuka kama pembetatu. Ncha nyingi zimeliwa na samaki, hivyo anayetegemea ncha peke yake atakwama. Fundisheni shina kwanza.

Vifupisho vya herufi moja tulivipiga marufuku hapohapo. "T" ilikuwa Thalassia kwa mmoja na Thalassodendron kwa mwingine, na "H" ilikuwa na wenyewe watatu. Sasa ni herufi nne: THHE, THCI, HAOV, HAUN na kadhalika, zimeandikwa kwa wino usiofutika juu ya kila kibao.

Januari 14 hadi 16: bamvua la kwanza

Jedwali la maji ni la bandari ya Zanzibar, upande wa pili wa kisiwa. Ndani ya ghuba maji hukauka kwa kuchelewa. Siku ya kwanza tulichomeka ubao wenye alama za sentimita na kuandika kina kila dakika 10, na kuanzia hapo tukatumia ubao wetu. Bila hivyo timu inaanza mapema mno, inasubiri juani, na mstari wa tatu unamalizwa mbio maji yakirudi.

Sasa suala la macho. Fremu moja iliwekwa penye Thalassodendron na Thalassia zilizochanganyika, na kila mwanafunzi akaandika asilimia yake bila kuonyeshana. Majibu yalianzia 35 yakafika 80, fremu ileile, dakika zilezile. Sababu hazikuwa uzembe. Majani yalikuwa yamelala kwa kukosa maji, mengine mizizi yake ikiwa nje ya fremu. Kuna waliohesabu kila kilichofunika mchanga na kuna waliohesabu kilichoota ndani tu. Wapo pia waliohesabu mwani uliojishika juu ya majani kuwa sehemu ya jani.

Sheria zilizotoka hapo, ambazo sasa zimechapishwa nyuma ya kibao: 1) picha kwanza, kabla mkono haujagusa, 2) majani yenye mizizi nje ya fremu yanafagiliwa nje kwa kiganja, 3) hesabu vyumba, vilivyojaa kabisa kwanza, kisha unganisha nusunusu, 4) mwani uliolegea unaandikwa safu yake, na unaoota juu ya jani unapata hesabu nyingine, yaani sehemu ya majani yaliyoathirika mara sehemu ya jani iliyofunikwa. Nusu ya majani, kila moja likiwa limefunikwa asilimia 20, ni asilimia 10. Urefu wa majani pia una kanuni yake: puuza asilimia 20 ya majani marefu kabisa, pima matatu katika yaliyobaki.

Baada ya kurudia fremu tano pamoja kwa sheria hizo, tofauti kati ya mtu na mtu ilishuka hadi ndani ya pointi 10. Hatukubali mstari wa jozi ambayo haijafika hapo. Kila asubuhi ya kazi inaanza na fremu tatu za pamoja, hata kwa waliozoea. Zinakula dakika 15 za maji yaliyokupwa, nasi tunaona ni bei halali. Na la ajabu kidogo: mwanafunzi wa muziki ndiye aliyekuwa na makadirio yaliyotulia kuliko wote. Usiwapange watu kwa masomo yao.

Mstari wa pili ulipita kwenye vipande vitupu, mraba baada ya mraba, mchanga mweupe katikati ya majani. Jozi moja ikaandika "mmomonyoko?" Mama mmoja aliyekuwa akiokota kombe karibu akaangalia kibao, akacheka: "Hapo si kubomoka, mwanangu. Hapo palikuwa na mwani wa watu." Yalikuwa mashamba ya mwani yaliyoachwa. Kilimo cha mwani kibiashara kimekuwepo Unguja tangu 1989, na shamba linapowekwa juu ya nyasi bahari, kivuli cha kamba, kukanyagwa na kung'olewa kwa majani huacha alama. Mwongozo haukuwa na safu ya jambo hilo, tukaiongeza: shamba la sasa, shamba lililoachwa, au hapajalimwa, pamoja na mwaka wa kuachwa kadiri wenye shamba wanavyokumbuka. Bila safu hiyo, ramani yetu ingeeleza historia ya kilimo kwa jina la mawimbi.

Malipo ya kina mama waliotusaidia yalikuwa Sh 20,000 kwa kupwa moja, walilipwa siku hiyohiyo. Muda waliotupa ndio wanaookotea kombe, kwa hiyo tuliulipia.

Januari 20 hadi 24: maji mafu, kazi ya udongo

Bomba la mm 50 lililonolewa mdomo linatosha kutoa nguzo ya udongo. Linapozama, udongo ndani hujishindilia. Kabla ya kulichomoa, pima kina cha mchanga kwa nje na kwa ndani. Mfano: bomba limeingia sm 30, ndani mna sm 24, uwiano ni 1.25, hivyo kipande cha sm 5 ndani ya bomba ni sm 6.25 za ardhini. Nguzo za kwanza zilichomolewa bila kipimo hicho tukazimwaga, hazikuwa na kazi tena. Kwa tabaka la juu, bomba la sindano la ml 60 lililokatwa pua ni bora zaidi: shikilia pistoni usawa wa mchanga, shusha bomba kando yake, na udongo haushindiliki. Bei yake ilikuwa Sh 2,000.

Udongo wa nje hauingii Marekani bila kibali cha Idara ya Kilimo ya huko, kwa hiyo tuliamua tangu mwanzo kuwa hakuna kitakachosafirishwa. Kila kitu kinakaushwa na kuchomwa Unguja, na namba ndizo zinazosafiri. Uamuzi huo ulifuta pia mjadala wa nani anabaki na sampuli.

Kukausha ni nyuzijoto 60 mpaka uzito usishuke tena. Kuchoma, ili uzito unaopungua utupe kiasi cha mboji, ni nyuzijoto 450 kwa saa nne. Mambo mawili yalikwenda vibaya. La kwanza: namba za vikombe vya kauri ziliandikwa kwa kalamu ya wino, tanuri likafunguliwa, vikombe vyote vyeupe pee. Sasa tunachora ramani ya mahali pa kila kikombe ndani ya tanuri kabla ya kufunga mlango. La pili: mchanga wa Chwaka kwa sehemu kubwa ni chokaa, mabaki ya mwani wa Halimeda na ya kombe. Tanuri likipanda kupita kiasi, chokaa nayo inaanza kupoteza uzito, na upungufu huo unasomeka kama mboji. Kipimo cha tanuri tulichoazimwa kilikuwa cha zamani, hivyo kila mzunguko unaingia na kikombe kimoja cha kalsiamu kaboneti safi. Kikombe hicho kikipungua, mzunguko mzima unatupwa.

Januari 30 na 31: bamvua la pili

Kazi ilikwenda vizuri tarehe 30. Tarehe 31 ilikuwa Ijumaa, maji yakikupwa kuelekea saa tano na nusu, na sala ya Ijumaa iko mbele yake kidogo. Mistari miwili tu ilipangwa, na vifaa vikapakiwa mapema. Ukipanga mitatu utamaliza na nusu ya timu.

Mkutano wa kijiji ulifanyika jioni ya tarehe 30. Grafu za asilimia hazikumgusa mtu. Picha ya angani iliyochapishwa kwa ukubwa wa meza, ikiwa na fremu zimebandikwa rangi, ndiyo iliyovuta watu. Wakaanza kusahihisha majina ya maeneo na mipaka ya mashamba kwa kidole. Chapisha hiyo, acha projekta. Nakala moja imebaki kwa sheha.

Februari 2025: data

Huku ndiko kulikokula muda mwingi kuliko baharini. Fomu ilikuwa na safu "Saa". Mwanafunzi wa Unguja aliandika 4:20, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mwenzake akaingiza 04:20 kwenye Excel. Safu hiyo ikawa na saa za aina mbili, na kosa lilijitokeza pale fremu zilipoonekana kupimwa maji yakiwa yamejaa, giza totoro. Zilisahihishwa kwa kulinganisha na muda wa picha. Fomu mpya inasema "saa ya simu, tarakimu nne", na jedwali linakataa chochote kilicho kabla ya 0700.

Tarehe nazo: 3/2 ni Februari upande mmoja na Machi upande wa pili, na Excel haina aibu ya kubadilisha yenyewe. Tunaandika 2025-02-03 pekee.

Virekodi joto, ambavyo ndivyo vilivyomeza fedha (zaidi ya dola 50 kimoja), viliwashwa kwa kompyuta iliyokuwa kwenye saa za mashariki mwa Marekani. Maji yalionekana kufikia joto la juu kabisa saa 12 alfajiri. Tofauti ni saa 8 wakati wa baridi na saa 7 baada ya saa zao kusogezwa mwezi Machi, kwa hiyo kompyuta yoyote inayogusa kirekodi inawekwa kwanza saa za Afrika Mashariki. Kirekodi kimoja kilikaa juani bila kifuniko na kusoma joto la plastiki yake chenyewe. Vyote sasa vimo ndani ya kipande cha bomba jeupe lenye matundu, kimefungwa kwenye jiwe.

Faili kuu iko sehemu moja, pande zote mbili zina haki ya kuhariri, na hakuna anayefuta safu. Anayesahihisha anaongeza safu mpya yenye jina lake na sababu.

Aprili 14 na 15, 2025: marudio ya timu ya Unguja

Marudio yalitakiwa Machi, mwezi wenye mabamvua makubwa. Lakini Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na bamvua la mwisho wa mwezi likaangukia Sikukuu yenyewe. Hiyo si bahati mbaya ya mwaka mmoja. Idi el-Fitri ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, kwa hiyo kila mwaka itakuwa hivyo. Anayepanga kutoka mbali aiwekee alama mapema.

Aprili ni masika. Maji yalikuwa na tope, picha hazikufaa kwa kulinganisha, na fremu kadhaa zilisomwa kwa kupapasa, jambo ambalo limeandikwa kwenye safu ya maelezo ili zisichanganywe na za Januari. Alama za minazi zilifanya kazi. Mita sifuri ilipatikana haraka kwenye mistari yote mitatu. Fremu mbili zilipasuka kwenye elbo kwa kuachwa juani, ukarabati Sh 3,000.

Gharama hadi Aprili 2025, bila ndege: usafiri wa gari la kukodi ndio uliokuwa mkubwa kuliko vyote, kisha virekodi joto, kisha malipo ya wasaidizi. Vifaa vyote vya kupimia, fremu, vibao, vigingi na mabomba ya udongo pamoja, havikufika Sh 250,000.

Marudio yaliyofuata yalipangwa Julai 12 na 13, 2025, Jumamosi na Jumapili. Tarehe 11 ilirukwa kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Upepo wa kusi ulitarajiwa kuwa umeshika, na utepe wa mita 50 hupinda kwa upepo huo hata ukivutwa. Kwa hiyo vigingi vya kati viliongezwa kwenye mpango, kimoja kila mita 10.